Namba Zilizopatana Mno

Kituoni walimwita Mama Joto, na jina lenyewe lilikuwa la utani, maana hapakuwa na mtu aliyesikia baridi kama yeye. Hata msimu wa jua kali ungemkuta na sweta la kahawia, vifungo vyote vimefungwa, kikombe cha chai amekikumbatia kwa mikono miwili, macho kwenye kompyuta. Joto alilokuwa akilipima halikuwa la hapa kwetu. Lilikuwa la vumbi la galaksi zilizo mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla dunia hii haijakuwapo. Darubini iliyorushwa angani ilipiga picha za infraredi, yaani ile mionzi ambayo jicho haliioni lakini ngozi huihisi ukikaa karibu na jiko, na picha zikaletwa kituoni. Mama Joto alikaa nazo chumbani mwake, galaksi moja baada ya nyingine, akipima kila moja inatoa joto kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi.

Haikuwa kazi ya kujigamba nayo mtaani. Majirani waliamini kwamba yuko idara ya hali ya hewa, wakawa wanamuuliza asubuhi kama wafue nguo au wasubiri. Mwanzoni aliwaeleza kinaganaga. Baadaye alichoka, akawa anatazama juu kidogo, anawajibu, "Fueni." Na kwa kuwa mara nyingi nguo zilikauka, heshima yake ikapanda.

Ng'ambo ya korido kulikuwa na chumba cha redio. Galaksi hizo hizo, ukizielekezea darubini za aina nyingine, zile sahani kubwa za chuma zinazotazama juu, utapokea kutoka kwazo mawimbi ya redio. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Watu walikuwa wamegundua zamani, kwa galaksi zilizo jirani, kwamba joto na redio huandamana kama chanda na pete. Galaksi yenye joto jingi ina redio nyingi, yenye joto haba ina redio haba, na ukijua kimoja unaweza kukisia kingine bila hata kuangalia. Chanzo ni nyota zile kubwa kubwa. Zikiwa hai huchoma vumbi lililozizunguka, na vumbi hutoa joto. Nyota za namna hiyo haziishi sana. Zikifa hulipuka, na mlipuko hurusha elektroni zinazozunguka kwenye usumaku wa galaksi na kutoa redio. Mama mmoja, watoto wawili. Lakini kwa nini watoto hao wafanane kiasi kile, hata mmoja asimpite mwenzake, hilo wataalamu walilikunia vichwa na mpaka leo wanakuna.

Kwa galaksi za mbali kabisa, kila mtu alitarajia undugu huo uvunjike. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulijaa mwanga uliobaki kutoka mwanzo wake, mkali kuliko ulivyo sasa, na mwanga huo huzinyonya elektroni nguvu kabla hazijatoa redio ya maana. Kwa hiyo joto lingebaki pale pale na redio ingepungua. Profesa, mkuu wa kituo, alikuwa ameshaandika hivyo mahali, na Profesa akishaandika kitu hapendi anga impinge.

Mpimaji wa redio alikuwa shemeji yake Mama Joto, mume wa mdogo wake wa pekee. Zamani alikuwa fundi wa minara ya simu, mtu wa kupanda juu na mkanda kiunoni, mpaka mdogo mtu alipolia kwamba hataki kuitwa mjane angali kijana. Mama Joto ndiye aliyempigia debe kwa Profesa. Akaja kwa mkataba, akajifunza haraka, na haukupita muda kazi ikamkolea. Alikuwa mrefu, mpole wa kuongea, na alikuwa na tabia ya kuzipa galaksi majina, kwa sababu zile tarakimu zao ndefu zilimchosha. Kulikuwa na Kijogoo, iliyong'aa kuliko zote. Kulikuwa na Bibi Kizee, na Mchelewaji, na Mapacha.

Kituo kilikuwa na sheria moja isiyochezewa. Mpima joto na mpima redio walipewa galaksi zile zile, mahali zilipo tu, na kila mmoja alipima peke yake bila kujua mwenzake amepata nini. Sababu ni rahisi: ukishajua mwenzako amepata kingi, na wewe utapata kingi. Jicho lina tamaa. Vyumba vilifungwa kwa funguo, na namba hazikutajwa hata kwa utani, mpaka siku waliyoiita ya kufungua, ambapo wote walikusanyika na namba za pande mbili kuwekwa kwenye grafu moja. Mama Joto na shemeji yake walikula chakula cha mchana pamoja kila siku, wakaongea habari za nyumbani, habari za magoti ya mama mkwe, na habari za majina ya galaksi. Namba, hata siku moja.

"Wale Mapacha wako hawapo," Mama Joto alimwambia siku moja. "Kwangu ni doa moja tu, tena limenenepa."

"Ni wawili, shemeji. Mmoja yuko katikati, mwenzake kajibanza pembeni. Darubini yako inataka miwani."

"Darubini yangu imekuzidi umri, iheshimu."

Walicheka, wakarudi kila mtu chumbani kwake.

Ikatokea siku ya mvua kubwa, ile inayokuja kwa upepo na kupiga ubavuni. Mama Joto alikuwa ameitwa ofisi ya Profesa, akaacha mlango wake wazi na dirisha wazi pia, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya. Alipokumbuka alirudi mbio. Alimkuta shemeji yake ndani, amempa mgongo yeye na meza, ameng'ang'ania komeo la dirisha lililokuwa limeshika kutu, shati limelowa mpaka begani. Skrini ya kompyuta ilikuwa nyuma yake. Alilisukuma komeo, likaingia, akageuka.

"Maji yalikuwa yanaifuata mashine yako," alisema, akatoka akiacha nyayo za maji hadi koridoni.

Mama Joto alimshukuru. Alipangusa meza, akakaa, akaendelea na kazi. Hakuna kilichomjia akilini siku ile.

Siku ya kufungua ilipofika, chumba kilijaa. Grafu ilipandishwa ukutani. Galaksi za mbali zilikuwa zimejipanga kwenye mstari, moja baada ya nyingine, kama zile za jirani. Redio haikuwa imepungua. Ni chache tu zilizotoka nje ya mstari, Mapacha wakiwa miongoni mwao, redio yao ikiwa ndogo kuliko joto lao. Zilizobaki zilipatana mno. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi.

Profesa hakupiga mluzi. Baada ya watu kutawanyika alimwita Mama Joto, akafunga mlango.

"Hizi namba hazina binadamu ndani yake," alisema. "Mtu akipima vitu hafifu kama hivi lazima akosee huku na kule. Huyu wa redio amekosea wapi?"

"Sijui, Profesa."

"Amewahi kuingia chumbani kwako?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake la kweli lilikuwa na sehemu mbili. Mama Joto alitoa ya kwanza.

"Siku moja nilimkuta."

Alitaka kuendelea. Alitaka kusema kuhusu mvua na komeo. Lakini Profesa alikuwa ameshainua uso na kumtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama nayo, na Mama Joto akaelewa kwamba swali linalofuata litamhusu yeye: nani alimleta huyu bwana hapa, nani hula naye kila siku. Watasema ni njama ya ukoo. Miaka yake yote mle ndani ingeishia hapo. Tena, tuseme kweli, shaka ilikuwa imemwingia hata yeye. Namba zilikuwa zimepatana mno. Alikuwa amesubiri undugu uvunjike kama kila mtu, na ulipokataa kuvunjika, ikawa rahisi kuamini kwamba mtu amedanganya kuliko kuamini kwamba ndivyo mambo yalivyo.

Kikao kiliitishwa. Shemeji mtu aliketi upande mmoja wa meza, amevaa koti lililombana mikono, koti la arusi yake. Aliulizwa kama aliwahi kuingia chumba cha infraredi. Hakubabaika.

"Niliingia, siku ya mvua. Shemeji alinikuta mle. Anajua nilikuwa nafanya nini." Akamgeukia, karibu atabasamu. "Muulizeni yeye."

Wote wakamtazama Mama Joto. Yeye alitazama meza. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye vanishi, akaufuata kwa macho mpaka ulipoishia.

"Sikumbuki vizuri," alisema.

Hapo ndipo unga ulipomwagika. Hakuna aliyemwita shemeji mtu mwongo. Mkataba ulipoisha haukuongezwa, basi, na maneno yakamtangulia kila alikobisha hodi. Mpimaji mwingine alipewa kazi ya kurudia. Huyo alikuwa mwoga, alijua mwenzake amepatwa na nini, kila doa lililofanana na mstari akalitilia mashaka na kulipunguza. Grafu yake ilitoka imetawanyika huku na huku, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Waliona sasa kuna binadamu.

Jioni ya siku ile ya kikao simu ya Mama Joto iliita, jina la mdogo wake likawaka. Alikuwa na mimba kubwa wakati huo, na mama yao alikuwa amezikwa miezi michache tu nyuma. Simu iliita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena kesho yake. Mama Joto alimwandikia ujumbe kwamba kazi zimembana. Alijua mdogo wake ameshaambiwa kila kitu, na hakuwa na uso wa kumtazama. Mtoto alipozaliwa alituma zawadi kwa mkono wa jirani. Alipoalikwa alikuwa na mafua. Alipoalikwa tena alikuwa na wageni. Mdogo mtu naye akaanza kupiga mara mojamoja, sauti yake ikawa fupi na ya adabu, na Mama Joto akaona: ndiyo hivyo, amenichukia, na ana haki. Waliishi mji mmoja. Walikutana misibani, wakashikana mikono kama watu waliowahi kusoma darasa moja.

Miaka ikapita, mingi. Nywele zikabadilika rangi, sweta likabadilishwa. Profesa alistaafu lakini akaendelea kuja kila penye semina yenye vitafunio. Na siku moja semina hiyo ikawa ya mgeni aliyeleta matokeo ya darubini mpya za redio, zenye macho makali kuliko zile za zamani, ambazo yeye na wenzake walizielekeza kwenye kipande kile kile cha anga. Walikuwa na infraredi mpya pia. Grafu ikapandishwa ukutani, ukuta ule ule.

Mstari ulikuwepo. Galaksi za mbali zilikuwa zimeufuata, zikilegea kidogo tu pale mwisho kabisa. Mama Joto alizitambua mahali zilipo, bila kuambiwa. Kijogoo pale juu. Mchelewaji. Bibi Kizee. Namba za shemeji yake zilikuwa bado kichwani mwake, kwa sababu alizirudia usiku na mchana kwa miaka akitafuta ulipo udanganyifu, na sasa zilikuwa ukutani, zimeletwa na mtu asiyewahi hata kumsikia.

Kisha mgeni akaonyesha picha ya Mapacha. Walikuwa wawili. Mmoja katikati, mwenzake kajibanza pembeni. Lile doa nene la Mama Joto lilikuwa joto la galaksi mbili zilizochanganywa na darubini isiyoona vizuri, na shemeji yake alikuwa amepima ile moja ya katikati peke yake, kwa uaminifu, ndiyo maana wakatoka nje ya mstari. Mtu aliyechungulia namba za Mama Joto angeanza kusawazisha hapo, redio iingie kwenye mstari. Hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza. Na hilo halikuhitaji darubini mpya. Lilikuwa wazi tangu siku ya kufungua, kwa yeyote aliyekuwa na nia ya kulitazama, na yeye ndiye aliyekuwa ameambiwa wakila chakula cha mchana kwamba wale ni wawili.

Profesa, aliyekaa pembeni yake, alimwinamia.

"Kumbe yule shemeji yako alikuwa na jicho," alinong'ona. Kisha akainuka kuwahi vitafunio. Mtu amemwangusha mwenziwe toka juu, na alichonacho cha kusema ni hicho, na sambusa mkononi.

Shemeji mtu alikuwa sasa mwalimu wa udereva. Mama Joto hakujua aingie nyumba ya mdogo wake kwa mlango gani, kwa hiyo akaenda kwenye shule ya udereva na kujiandikisha kama mwanafunzi. Hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alipoingia kwenye kile kigari chenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa, na mwalimu akainama kuingia upande wa pili, walitazamana.

"Shemeji," alisema yule bwana.

"Shemeji."

"Funga mkanda."

Akaufunga. Walikuwa kwenye uwanja mtupu wa kiwanda kilichokufa, nguzo zimepangwa huku na kule za kuzungukia. Kigari kilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu.

"Kanyaga klachi. Hapana, hiyo ni breki. Ya kushoto. Haya, gia ya kwanza, achia polepole. Polepole, shemeji!"

Gari liliruka kama chura, likazimika. Lilizimika tena, na tena. Mara ya nne lilikubali kutambaa, wakaizunguka nguzo ya kwanza, na mwalimu akasema, "Si haba," kwa sauti ile ile ya zamani, na Mama Joto akashindwa. Alikanyaga vyote viwili kwa pamoja, gari likafa, naye akafungua mkoba na kutoa karatasi aliyoichapisha, grafu ya mgeni na picha za galaksi.

Shemeji mtu aliichukua. Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na kioo. Kidole chake kikatembea kwenye mstari, kikisimama hapa na pale, kikafika kwenye picha ya Mapacha. Uso wake ulifunguka ghafla, kwa nukta chache akawa yule fundi wa minara aliyependa kazi yake.

"Si nilikwambia ni wawili?"

"Uliniambia."

"Tazama huyu wa pembeni alivyojibanza. Mvivu huyu." Akacheka. Kisha kicheko kikaisha, akaikunja karatasi mara mbili na kumrudishia.

"Ulikuwa sahihi zote," Mama Joto alisema. "Nimekuja kukuambia. Na nitakwenda kwa mdogo wangu, nimweleze mwanzo mpaka mwisho. Nilichosema mle ndani, na nilichoacha kusema. Najua ameshasikia kwako, lakini asikie kwangu."

"Hajasikia kwangu."

"Hajasikia nini?"

Shemeji mtu alitazama mbele, mguu wake ukiwa bado juu ya breki yake ingawa gari lilikuwa limezimika.

"Nilimwambia ulinitetea. Nilimwambia ulisimama ukasema yote, mvua, dirisha, kila kitu, ila hawakukusikiliza."

Mama Joto aligeuka kumtazama.

"Ningemwambia nini, shemeji? Alikuwa na mimba, mama yenu kaenda, hana mwingine ila wewe. Nikaona mimi nimeshakosa kazi. Na yeye akose dada?"

"Lakini mimi ndiye niliyekimbia," Mama Joto alisema. "Miaka yote hii nilidhani amenifungia mlango."

"Hakukufungia. Alikuwa anakusubiri, mpaka akachoka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa nisikilize. Usimwambie. Ukimwambia leo, mimi ndiye nitakayekuwa mwongo, na safari hii kweli. Njoo Jumapili ule na sisi. Hicho tu. Yaliyopita yameshakwenda zake."

Kulikuwa na maneno mengi ambayo Mama Joto alikuwa ameyaandaa. Alikuwa ameyapanga nyumbani, mbele ya kioo. Kabla hajaanza, shemeji yake akagonga dashibodi kwa kidole.

"Washa gari. Muda wako haujaisha."

Akawasha.

Jumapili alifika amevaa nguo nzuri. Mdogo wake alifungua mlango, akashika kiuno, akamtazama toka juu hadi chini.

"Leo mafua yamepona?"

Kisha akamkumbatia, akamng'ang'ania mpaka Mama Joto akahisi mifupa ya mabega yake, amekonda huyu, tangu lini. Alionyeshwa picha za mtoto aliyezaliwa wakati ule, sasa yuko shule ya bweni, ndevu zimeanza kuchungulia. Alionyeshwa mashine ya kufulia, na mpasuko wa dari, na vyumba vyote kimoja kimoja, kama mtu aliyetoka ng'ambo. Walikula. Walicheka. Shemeji mtu alisimulia jinsi gari lilivyoruka kama chura, na mdogo mtu akacheka mpaka machozi.

Katikati ya chakula mdogo mtu alimuuliza mumewe kama amefunga gesi.

"Nimefunga."

Aliinuka, akaenda jikoni, wakasikia akiigusa gesi mwenyewe, akarudi akakaa. Baadaye aliuliza kama geti limefungwa, mumewe akasema limefungwa, naye akaenda dirishani kuchungulia. Shemeji mtu aliendelea kula. Hakuinua hata macho, kama mtu aliyeizoea kelele ya feni.

Baada ya chakula madada waliingia jikoni kuosha vyombo. Mkubwa alisugua, mdogo akasuuza chini ya bomba. Sebuleni redio ilikuwa ikisoma habari.

"Dada," mdogo mtu alisema kwa sauti ya chini. "Sijawahi kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Unajua kwa lipi. Kwa kumtetea."

Mama Joto alisugua sahani ambayo ilikuwa safi tayari.

"Nilijiuliza sana kwa nini unatukwepa," mdogo mtu aliendelea. "Mtu akutetee mbele ya wakubwa zake, halafu asikanyage kwako? Nikakaa nikawaza, nikaelewa. Ulimtetea kwa ajili yangu. Lakini wewe ulikuwa mle ndani, ulijua ukweli, ukashindwa kumtazama usoni. Alichungulia. Najua alichungulia. Kama hana hatia, kwa nini dada yangu anikimbie?" Aliweka sahani kwenye rafu. "Sijamwambia kwamba najua. Nimekaa naye hivyo hivyo, baba wa mtoto wangu. Lakini kila anachoniambia, nakiangalia mara mbili."

Maji yalikuwa yakimwagika. Mama Joto alihesabu akilini gesi na geti, na miaka. Alikumbuka alichoombwa kwenye gari. Akinyamaza, atatoka nyumba hii akiwa amerudishiwa mdogo wake mzima, atakuja Jumapili nyingine na nyingine, na yule bwana pale sebuleni ataendelea kuangaliwa mara mbili mpaka azikwe, nyumbani kwake mwenyewe, na hajui kwa nini. Kunyamaza alikuwa anakujua. Kulikuwa kumemfaa mara moja.

"Hakuchungulia," alisema.

"Dada, usinifiche, nimeshasema najua."

"Hujui. Aliingia kufunga dirisha mvua isiharibu mashine yangu. Nilimwona kwa macho yangu, amenipa mgongo, anahangaika na komeo. Siku ya kikao aliwaambia waniulize mimi. Nikasema sikumbuki."

Mdogo wake aligeuka.

"Sikumtetea. Nilikumbuka kila kitu, nikasema sikumbuki, niliogopa watasema tumekula njama. Yeye alikudanganya kwamba nilimtetea ili usinikose. Na nilikukimbia kwa aibu yangu mimi. Yake haikuwepo. Namba zake zimeonekana ni za kweli, zote, wiki iliyopita."

Mdogo mtu alisimama, mikono inachuruzika maji. Mama Joto alisubiri kofi, au tusi, au kuambiwa atoke. Angelipokea lolote. Lakini mdogo wake hakuwa akimtazama tena. Alikuwa akitazama kule sebuleni. Alijifuta mikono kwenye gauni, taratibu, akapita mbele ya dada yake kana kwamba anapita kwenye kiti, akatoka.

Redio ilizimwa. Kisha ikaja sauti ya mdogo mtu, imepasuka, "Nisamehe. Nisamehe, mume wangu, nisamehe," na sauti ya mwanamume ikiuliza kuna nini, nini tena, kaa kwanza ukae.

Mama Joto alifunga bomba. Alibaki amesimama na sahani mkononi, akilisikia neno lile likirudiwa upande wa pili wa ukuta, na ndipo alipotambua kwamba yeye, garini na hapa jikoni, hakuwa amelisema.